Umaskini na ukatili kwa mtoto: tofauti ni ipi?

Mtoto akienda shule bila viatu, je, mzazi wake amemfanyia ukatili? Wasikilizaji wengi huuliza swali hili, na jibu lake linaweza kumwokoa mtoto wa jirani yako.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Inamtaka mzazi au mlezi ampatie chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Pia inakataza kumtesa mtoto.

Kukosa si kutelekeza

Mvua zimekatika, mama amevuna gunia moja, watoto wanakula mlo mmoja kwa siku na yeye anakula huo huo. Huyo amekwama, anahitaji msaada. Baba ameuza mahindi, fedha zimeishia kilabuni, watoto wanalala njaa. Huyo ametelekeza. Nyumba zote mbili hazina unga, lakini haziwezi kuhukumiwa sawa.

Shida inapozaa madhara

Ghala likiwa tupu kabla ya mavuno, ugomvi huongezeka nyumbani, na hasira humwangukia mdogo. Binti hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Mvulana huachishwa shule akachunge ng'ombe. Wazazi husema, "Ni maisha tu." Lakini mtoto anayeteka maji baada ya masomo anasaidia familia; anayekosa masomo kwa sababu ya kazi anaumizwa. Sheria inaruhusu mtoto kuajiriwa kuanzia miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule.

Ufanye nini?

Kama familia imekwama: mwone mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Ulizia kama kuna mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini unaoendelea. Kaya za kuingizwa hujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo hudhuria na uisemee kaya isiyo na msemaji.

Kama mtoto anapigwa, anateswa au ametelekezwa: toa taarifa kwa serikali ya kijiji, ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Unaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

"Je, baba akifungwa, nani atawalisha?"

Hofu hii huwanyamazisha majirani wengi. Lakini si kila taarifa huishia mahakamani. Kwa mujibu wa sheria, afisa ustawi wa jamii anaweza kumwita mzazi, wakazungumza, kisha akaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Ukisema mapema, bado kuna nafasi ya kumsaidia mzazi na mtoto pamoja. Ukisubiri hadi mtoto avunjwe mkono, nafasi hiyo huwa ndogo sana.

Kutoa taarifa si umbea. Sheria hiyo hiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya eneo lake.