Carnegie: ugomvi wa Dunfermline uliohamia Pittsburgh

Tarehe 25 Novemba 2025 ilitimia miaka 190 tangu Andrew Carnegie azaliwe Dunfermline, mji wa wafumaji huko Uskoti. Kila akikumbukwa, mabishano huwa ni yale yale. Wapo wanaomhesabia maktaba zaidi ya 2,500 zilizojengwa kwa fedha zake, na wapo wanaomhesabia maiti za kiwanda chake cha Homestead. Kila upande una ushahidi wake, lakini pande zote mbili humsoma kama mtu aliyefinyangwa na Marekani, tajiri wa chuma wa Pittsburgh ambaye kwake Uskoti ilikuwa mahali pa kwenda kukwepa joto. Hapo ndipo zinapokosea. Maoni ya Carnegie kuhusu wafalme, vitabu na matumizi ya mali yalitoka mezani kwa wazazi wake, na aliendelea kuyajadili na ndugu zake maisha yake yote ya ugenini. Asiyeijua nyumba ile hawezi kuueleza wema wake, wala hawezi kupima ukubwa wa kosa lake.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kona ya Moodie Street, na leo ni makumbusho. Chini palikuwa na kitanda cha mfumi, juu familia ikilala chini ya paa. Baba, William, alifuma kitani cha damaski cha vitambaa vya meza, na alikuwa mfuasi wa vuguvugu la Chartism lililodai kila mwanamume apige kura, tena ya siri. Kwa ukali wa siasa, hata hivyo, upande wa mama ndio uliozidi. Babu, Thomas Morrison, alikuwa fundi viatu na mhubiri wa mageuzi ambaye maandiko yake yalichapwa katika gazeti la William Cobbett. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba watoto wafundishwe kazi za mikono na si kukariri tu. Mjomba, Tom Morrison, alikamatwa mwaka 1842 kwa sababu ya mikutano ya wagomaji. Naye George Lauder, mume wa dada ya mama, aliwakalisha dukani kwake Andrew na mwanawe mwenyewe, Dod, akiwasimulia habari za mashujaa wa Uskoti, Wallace na Bruce, mpaka watoto wakaamini kwamba Mskoti hapigi magoti mbele ya mtu. Mtoto aliyelelewa hivyo hahitaji kuvuka bahari ili aanze kuuchukia ufalme.

Lakini kilichoiumiza familia hii kuliko yote ni bonde. Pittencrieff liko katikati ya Dunfermline, ubavuni mwa abasia alikozikwa Robert Bruce, na ndani yake mna magofu ya mnara wa Mfalme Malcolm. Kwa watu wa mji ule, historia yao yote ilikuwa nyuma ya ukuta wa shamba la mtu mmoja. Akina Morrison walishikilia kwamba magofu ni mali ya umma, na kwamba mwenye shamba alikuwa akiimega ardhi ya wananchi. Waliipigania haki hiyo kwa miaka mingi, hadi mahakamani. Mwenye shamba, wa ukoo wa Hunt, alijibu kwa namna ambayo haikusahaulika: siku moja kwa mwaka lango lilifunguliwa na mji mzima uliruhusiwa kuingia, isipokuwa Morrison yeyote na mzao yeyote wa Morrison. Andrew, mtoto wa Margaret Morrison, alikuwa akibaki nje na kuchungulia, huku watoto wenzake wakikimbia chini ya miti. Mwaka 1902 alilinunua bonde lote kwa pauni 45,000, na mwaka uliofuata akawakabidhi watu wa Dunfermline pamoja na mfuko wa kulitunza. Alikuwa amekwisha kuuza kampuni yake ya chuma kwa kundi la J. P. Morgan kwa dola milioni 480, na hakuna cheo alichokosa uwezo wa kukipata. Hata hivyo kumbukumbu zake, zilizochapwa 1920 baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba kumiliki Pittencrieff kulimfurahisha kuliko heshima nyingine yoyote. Wanaodhani alitoa mali kwa sababu ya falsafa aliyoiandika mwaka 1889 katika insha yake kuhusu utajiri wangelitazama kwanza lango hili.

Safari ya Marekani yenyewe inajulikana: mtambo wa mvuke ulimnyima William kazi, familia ikakopa pauni 20 kwa rafiki wa mama, ikaondoka mwaka 1848, na baada ya majuma saba baharini ikaendelea hadi Allegheny, ng'ambo ya mto kutoka Pittsburgh, walikotangulia dada za Margaret. Kisichosemwa vya kutosha ni jinsi nyumba ilivyoendeshwa. Baba alifuma vitambaa ambavyo havikupata mnunuzi wa jumla, akavitembeza mlango kwa mlango. Mama alishona viatu usiku kwa ajili ya jirani fundi viatu aitwaye Phipps, na mtoto wa jirani huyo, Henry, baadaye akawa mshirika wa Andrew katika chuma. Andrew alianza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa wiki. Kabla ya hapo jamaa mmoja wa ukoo, kwa nia njema, alishauri kijana apewe kapu la vikorokoro akauze gatini. Margaret aliinuka na kushona kwake, akafoka kwamba afadhali amtupe mwanawe mtoni kuliko kumfanya mchuuzi kati ya watu wa gatini, kisha akaketi na kulia. Familia ilikuwa fukara, lakini ilikuwa na kipimo chake cha heshima, na aliyekishika kipimo hicho alikuwa mama.

Kijana alipopata kazi ya kupeleka simu za telegrafu, kipimo hicho kilitoka nje ya nyumba. Kanali James Anderson aliwafungulia vijana wa kazi wa Allegheny maktaba yake binafsi. Mwaka 1853 msimamizi aliamua kwamba wasiokuwa wanagenzi wenye mkataba walipe dola mbili kwa mwaka. Andrew aliandika barua gazetini, akabishana hadharani na msimamizi huyo, akashinda. Alikuwa na miaka 17, na alichokidai ni kile kile walichokidai wajomba zake: mlango wa kitu cha umma usifungwe kwa kuchagua watu. Miaka hiyo hiyo alikuwa akiandikiana barua ndefu na Dod aliyebaki Dunfermline, wakibishana ipi bora, jamhuri au ufalme, naye akiisifu Marekani kwa kutekeleza mengi ya yale ambayo baba yake aliyaomba bila kuyapata. Mnamo miaka ya 1880 tajiri Carnegie alinunua magazeti Uingereza ili yapigie debe kufutwa kwa ufalme, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kuusifu mfumo wa Marekani, jaladani taji likiwa limepinduliwa juu chini. Mwaka huo huo wa 1886 alizikwa ndugu yake Tom, na mama yao akafuata wiki chache baadaye. Andrew alikuwa na miaka 50, hajaoa. Alimwoa Louise Whitfield miezi mitano tu baada ya mazishi ya Margaret, kwa kuwa mama akiwa hai asingeleta mke nyumbani. Mtu anayemtii mama yake kiasi hicho katika ndoa hatushangazi akimtii katika maoni.

Kuna mapingamizi ambayo haifai kuyakwepa. La kwanza ni kwamba habari nyingi za utotoni zinatoka katika kumbukumbu zake mwenyewe, na mzee tajiri hupamba. Ni kweli, na tukio la gatini linabaki kuwa neno lake. Lakini barua kwa Dod na barua ya gazetini ziliandikwa kabla hajawa na chochote cha kujivunia, na kukamatwa kwa Tom Morrison kulitokea bila kutegemea kumbukumbu za mpwa wake. La pili ni kwamba mawazo yake yalitoka kwa Herbert Spencer, aliyefundisha kwamba maisha ni mashindano na walio bora husonga mbele. Spencer alimpa lugha ya kutetea faida, lakini alimkuta mtu mzima ambaye misimamo yake kuhusu taji na vitabu ilikuwa imekwisha kukomaa. La tatu ni kasri ya Skibo huko Uskoti, aliyoinunua 1898 na ambamo mpiga zumari aliwaamsha wenyeji na wageni kila asubuhi. Mfalme Edward VII mwenyewe alifika mwaka 1902. Hilo ni udhaifu, sikatai. Hata hivyo bendera iliyopepea juu ya Skibo ilishonwa ya Uingereza upande mmoja na ya Marekani upande wa pili, na mwenyeji hakuacha kuisifu jamhuri.

Pingamizi kubwa ni Homestead. Mwaka 1886 Carnegie aliandika kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana, na kwamba si haki kuchukua kazi ya jirani aliyegoma. Mwaka 1892 mkataba wa kiwanda cha Homestead ulikuwa ukiisha. Kabla ya kwenda Uskoti aliandaa tangazo kwamba kiwanda kitaendeshwa bila chama cha wafanyakazi, akamwachia msimamizi wa kampuni yake, Henry Clay Frick, utekelezaji. Julai 6 walinzi 300 wa Pinkerton waliletwa kwa matishari kupitia mto Monongahela. Risasi zikapigwa, na watu wasiopungua 10 wakafa, wengi wao wafanyakazi. Chama kilivunjwa. Mwanzilishi wa kampuni ile ya walinzi, Allan Pinkerton, aliyefariki 1884, alikuwa naye mtoto wa Glasgow na mfuasi wa Chartism, na aliihama Uskoti mwaka 1842, mwaka ule ule aliokamatwa mjomba Tom. Baadhi ya watetezi wa Carnegie hujibu kwamba alikuwa mbali na hakujua. Tangazo lake linawapinga. Wengine husema Homestead inathibitisha kwamba siasa za familia zilikuwa mapambo tu. Nao nawapinga, kwa kuwa mtu asiye na siasa hizo asingeandika yale ya 1886, na kosa la Carnegie ni zito zaidi kuliko la Frick kwa sababu Frick hakuwa na mjomba aliyekamatwa kwa ajili ya wagomaji. Alilipa deni la bonde kwa pauni 45,000. Deni la wafanyakazi hakulilipa, kwani maktaba aliyowajengea Homestead mwaka 1898 iliwahudumia watu waliokuwa wakifanya kazi saa 12 kwa siku.

Alifariki Massachusetts Agosti 11, 1919, akiwa ametoa takribani dola milioni 350. Fedha hizo zilifika mbali: shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, iliyoanza 1925 kufunza walimu wa vijijini, ilisaidiwa na shirika aliloliacha, na mkazo wake juu ya kazi za mikono ungempendeza babu Morrison, ingawa katika koloni elimu hiyo ilimfungia Mwafrika njia nyingine. Maktaba zenyewe zina hali tofauti. Ile ya Braddock, ya kwanza Marekani, iliokolewa na wakazi baada ya kufungwa; jengo la Allegheny lilipigwa radi 2006 na halikurudia kuwa maktaba; Herne Hill, London, wakazi walilala ndani mwaka 2016 kupinga kufungwa. Halmashauri zinazopanga kufunga majengo haya zijue kwamba zinafunga mali ya umma ile ile ambayo watu wa Dunfermline walikwenda mahakamani kuidai, na wakazi wana kila haki ya kuzipeleka huko.