Muziki wa Kigogo na soko la "asili"

Muziki wa Wagogo, wenyeji wa nyanda kame za kati kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, umekuwa ukirekodiwa, kupandishwa jukwaani na kuuzwa nje ya nchi kwa zaidi ya miaka 70. Muda wote huo umenadiwa kwa sifa moja: kwamba ni wa asili. Ila kila aliyeunadi alikuwa na asili yake kichwani, na kila mmoja aliupunguza au kuuongeza kidogo ili ufanane nayo.

Kijijini muziki huo una wakati wake na wenyewe. Muheme ni ngoma ya wanawake, iliyofungamana na mambo ya jando na unyago. Wapigaji hubana mapajani ngoma nyembamba kiunoni, huku wakiimba na kutikisa mabega. Nindo na msunyunho ni nyimbo za kundi, sauti zikipandana na kupokezana. Zeze huundwa kwa kibuyu na kupigwa kwa upinde. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma bapa vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili kila mlio utoke na mkwaruzo. Fundi anayetaka ilimba yake iwe na sauti safi kama ya kinanda hajaielewa. Hata mpangilio wa sauti ni wa pekee: mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameonyesha kwamba unafuata vivumo vinavyozaliwa ndani ya mlio mmoja, ndiyo maana baadhi ya sauti za Kigogo hazipatikani kwenye vibonye vya piano.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950 na kurekodi muziki wa Wagogo pamoja na wa makabila mengine. Nia yake ilikuwa kuuhifadhi kabla haujamezwa na magitaa ya mijini. Hata hivyo, santuri za zama zile zilibeba kama dakika 3 tu kila upande, na ngoma inayokesha ilibidi ikatwe itoshe. Mwaka 1954 Tracey huyohuyo alianzisha kiwanda cha kutengeneza kalimba, ala ya ukoo mmoja na ilimba, akaipa mpangilio wa sauti za Kizungu ili wanunuzi wa Ulaya na Marekani waipige bila taabu. Mhifadhi na mfanyabiashara walikuwa mtu mmoja, naye hakuona kasoro.

Baada ya uhuru soko lilikuwa serikali. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, akianzisha wizara ya utamaduni, Rais Julius Nyerere alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na twisti lakini hawakujua ngoma za kwao. Likaundwa kundi la ngoma la taifa, na ngoma za mikoa mbalimbali zikaletwa Dar es Salaam. Mwaka 1967 aliitwa huko Hukwe Ubi Zawose, kijana Mgogo aliyezaliwa Doguwa mwaka 1938, fundi wa zeze na ilimba mwenye sauti iliyoweza kupanda hadi ya kike na kushuka hadi kuunguruma.

Jukwaa lilikuwa na masharti yake. Ngoma ya saa nyingi ikawa ya dakika chache, wachezaji wakavalishwa sare, watazamaji wakakaa vitini mbele badala ya kuingia kati. Mashairi yakaimba Ujamaa, umoja na sifa za viongozi. Haya hayakuitwa biashara, kwa kuwa hakuna aliyekata tiketi ili msanii apate faida, lakini mteja alikuwepo na matakwa yake yalijulikana. Mteja huyohuyo alipiga marufuku muziki wa soul mwaka 1969.

Kundi la taifa lilipovunjwa, kazi yake ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Zawose alikwenda huko na kuhamia na ukoo wake. Santuri yake na wenzake, "Tanzania Yetu", ilitolewa London na lebo ya Triple Earth mwaka 1985. Miaka miwili baadaye, wamiliki wa lebo ndogo walikutana katika baa moja ya London na kukubaliana jina moja la kuuzia muziki wa namna hiyo madukani: muziki wa dunia. Lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel ilitoa albamu yake ya "Chibite" mwaka 1996, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoa "Assembly", ambamo Zawose alifanya kazi na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada.

Msikilizaji wa Ulaya aliamini anasikia kijiji cha Ugogo. Alichosikia kilikuwa kazi ya mtumishi wa chuo cha serikali, aliyeishi pwani, mamia ya kilomita kutoka Dodoma, na aliyezoea majukwaa ya ughaibuni. Hilo halimpunguzii Zawose kitu. Ilimba zake kubwa zenye vyuma kwa makumi zilikuwa ubunifu wa fundi asiyeridhika na alichorithi, na fundi wa aina hiyo hata kijijini angebadilisha mambo. Alifariki Desemba 2003.

Nyumbani rekodi hizo hazikuuzika sana. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alithibitisha kwamba jadi inaweza kushika mitaa yote: "Maria Salome", iliyoimbwa Kihaya juu ya ala za studio, ilipigwa harusini na kwenye daladala. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo wakautengeneza upya kwa jina la "Salome". Muziki wa Kigogo haukupata bahati hiyo. Huenda mkwaruzo wake na sauti zake zisizokaa kwenye kinanda ni vigumu kuingiza studioni bila kuvinyoosha.

Mwaka 2009 lilianza tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, huko Chamwino, chini ya Kedmon Mapana, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Hapo vikundi vya vijijini huimbiana vyenyewe, na msikilizaji anayejua pale sauti ilipopotea yuko palepale. Hata hivyo kuna jukwaa, kuna zamu, na kuna wageni wenye kamera.

Upande wa Bagamoyo, mwana wa Hukwe, Msafiri Zawose, alitoa "Uhamiaji" mwaka 2017, akiunganisha ilimba na mitambo ya elektroniki. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa "Maisha" kwa jina la Zawose Queens. Katika makundi ya ukoo wanawake walikuwa waitikiaji na wapiga ngoma. Katika albamu hii wao ndio wanaoongoza.