Jina la Mzazi Kinywani mwa Mtoto: Historia Fupi ya Kuitana katika Nyumba za Magharibi ya Nairobi

1. Utangulizi

Kuna lalamiko linalosikika mjini Nairobi, katika vikao vya wazazi, katika mahubiri na katika mazungumzo ya walimu, kwamba baadhi ya watoto wa mitaa ya magharibi, yaani Lavington, Kileleshwa, Kilimani, Westlands na kwingineko, huwaita wazazi wao kwa majina yao ya kwanza. Mtoto wa namna hii hamwiti mamaye "mama". Humwita kwa jina lake la ubatizo, kama shoga yake au mfanyakazi mwenzake angalivyomwita. Wanaolalamika wana maelezo yao tayari: huu ni Uzungu, umeletwa na filamu na shule za gharama kubwa, na adabu ya Kiafrika imekufa.

Makala haya hayakusudii kumtetea mtoto huyo wala kumhukumu. Yanakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba katika jamii zilizojenga Nairobi, mwiko haukuwa juu ya jina la mzazi lenyewe bali juu ya namna ya kulitumia. Pili, kwamba katika mitaa hiyo ya magharibi, kumwita mtu mzima kwa jina tupu hakukuanza na watoto wa leo; kuna historia inayoanzia siku za ukoloni. Tatu, kwamba anayetaka kupima heshima ya nyumba kwa majina ya kuitana hana budi kuyatazama majina yote yanayotamkwa ndani ya nyumba hiyo, si jina la baba na mama peke yake.

2. Kutaja na kuita

Yafaa tuanze kwa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kumtaja mtu na kumwita mtu. Kumtaja ni kusema habari zake mbele ya wengine. Kumwita ni kumwelekezea yeye mwenyewe neno.

Katika mila nyingi za Kenya, kulitaja jina la baba hakukuwa kosa hata kidogo. Kinyume chake, kulikuwa ni wajibu. Mkikuyu hujitambulisha kwa kiunganishi "wa": fulani wa fulani. Miongoni mwa Wakalenjin, neno "arap" linabeba maana hiyo hiyo ya mwana wa fulani. Mjaluo ana "wuod" kwa mwana na "nyar" kwa binti. Mtu aliyeulizwa nasaba yake akashindwa kulitaja jina la babaye angaliaibika. James Ngugi, aliyechapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa jina hilo, alipoliacha jina la ubatizo akawa Ngugi wa Thiong'o, hakujipa jina jipya. Alilitaja hadharani jina la babaye, na hakuna aliyemwona kuwa amekosa adabu.

Mwiko ulikuwa katika kuita. Na hapo ndipo lugha ilipoandaa njia za kupita kando ya jina. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya kumwita mtu mzima kwa jina la mwanawe: Mama Kamau, Baba Otieno, na kwa Kijaluo "min Otieno" na "wuon Otieno". Utaratibu huu una mantiki nzuri. Mtu anapozaa, jina lake hujificha nyuma ya jina la mtoto, na jirani, mkwe na muuza duka wote humfikia kwa kupitia mtoto huyo. Kwa hiyo mtoto anayemwita mamaye kwa jina lake anaupindua utaratibu mzima: aliyekuwa pazia la jina ndiye sasa anayelifunua.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba Kiswahili sanifu hakina viwakilishi viwili vya nafsi ya pili, kimoja cha heshima na kingine cha mazoea, kama vile "tu" na "vous" vya Kifaransa. Brown na Gilman, katika makala yao maarufu ya mwaka 1960, walionyesha jinsi viwakilishi vya lugha za Ulaya vilivyobeba mzigo wa mamlaka na wa urafiki. Kwa Mswahili, "wewe" ni wa mtoto na wa mfalme. Mzigo wa heshima basi huangukia mahali pengine: katika maamkizi, kama "shikamoo" na "marahaba", na katika majina ya kuitana. Huko Nairobi "shikamoo" haikupata kushika mizizi majumbani kama ilivyoshika pwani na Tanzania. Matokeo yake ni kwamba katika nyumba ya Nairobi inayotumia Kiswahili, karibu mzigo wote unabebwa na maneno mawili tu, "baba" na "mama". Yakiondolewa hayo, hakuna kingine kilichobaki kuushika. Hii ndiyo sababu ya kiisimu ya uchungu wa wanaolalamika, na ni sababu ya kweli.

Hata hivyo, maneno hayo hayakuwa yamefungwa kwa mzazi pekee. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Basi mzazi huweza kumwita mwanawe mdogo "baba", kwa kuwa ndani ya mtoto huyo amemwona babaye. Vilevile, mtoto aliyelelewa na bibi yake tangu uchanga mara nyingi humwita bibi huyo "mama", na mamaye mzazi akamwita kwa jina, kwa sababu ndivyo anavyosikia watu wazima wa nyumba ile wakimwita. Jambo hili linajulikana vijijini, ambako hakuna filamu wala shule za gharama kubwa. Mtoto huyo hasemwi kuwa amekosa adabu. Husemwa kuwa amelelewa na bibi.

3. Jina tupu katika nyumba ya mlowezi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Muda si mrefu mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi na kaskazini yenye hewa baridi, Wahindi wakawekwa Ngara, Parklands na Eastleigh, na Waafrika wakasukumwa mashariki, hasa Pumwani na mitaa iliyofuata. Lakini nyumba za magharibi hazikuweza kuendeshwa bila Waafrika. Nyuma ya kila nyumba kubwa palijengwa vyumba vya watumishi, na humo walilala mpishi, mtunza bustani, dobi na mlinzi.

Watu hawa waliitwaje? Jina la kwanza walilopewa lilikuwa "boi". Neno hili la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume liliingia katika Kiswahili cha bara likiwa na maana ya mtumishi, hata akiwa na mvi. Kijana aliyesaidia jikoni aliitwa "toto", neno letu la Kiswahili lililokatwa kichwa. Jina la pili lilikuwa jina la ubatizo, ambalo wengi walilipata katika misheni. Mojawapo ya misheni hizo, ya Mtakatifu Austin, ilianzishwa na mapadre Wafaransa mwaka 1899 hapo hapo panapoitwa leo Lavington. Jina la ubatizo lilikuwa fupi na rahisi kinywani mwa mwajiri, na halikuhitaji aulizwe mtu ni mwana wa nani. Nasaba ilibaki katika kipande. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kubeba karatasi yenye habari zake na za waajiri wake, na wengi waliitia ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni.

Mtoto wa mlowezi alikua akisikia lugha hiyo. Alimwita mpishi aliyempita babaye kwa umri kwa jina tupu, na mpishi akamwita yeye "bwana mdogo". Kiswahili walichotumia kilikuja kuitwa Kisetla, na kilifundishwa hata vitabuni. Kitabu cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, kwa mfano, kilitungwa kwa ajili ya walowezi, askari na wafanyabiashara wa bara. Kisetla kilikuwa lugha ya amri. Sarufi yake ilitosha kuagiza maji ya moto, lakini haikuwa na mahali pa kumwekea mtu heshima.

Tusisahau jambo jingine. Utawala wa kikoloni haukutaka mfanyakazi Mwafrika aishi mjini na jamaa yake. Mke na watoto walitazamiwa kubaki kijijini. Kwa hiyo mtu aliyekuwa Baba Fulani alipokwenda likizo, alirudi kuwa boi aliposhuka garini mjini. Alikuwa na majina mawili, na barabara moja kati yake.

4. Baada ya Uhuru

Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, maofisa, wanasheria, madaktari na walimu wa vyuo walianza kuhamia katika nyumba hizo za magharibi. Walikuta vyumba vya watumishi vingali nyuma ya nyumba, na wakaajiri watu wa kulala humo. Walikuta pia lugha iliyotumika humo, yaani Kiingereza kwa wenye nyumba na Kiswahili kwa watumishi. Watoto wao walikua katika mgawanyo huo. M. H. Abdulaziz na Ken Osinde, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1997, walieleza kwamba wakati Sheng ilikuwa lugha ya vijana wa mitaa ya mashariki, vijana wa mitaa kama Westlands na Lavington walikuwa na mchanganyiko wao ulioelemea Kiingereza, ulioitwa Engsh.

Tofauti hiyo inaonekana katika majina ya wazazi. Kijana wa Sheng hamwiti mamaye kwa jina; ana maneno kama "mathe" na "buda", ambayo ni ya mzaha lakini bado ni vyeo vya mzazi. Katikati ya mji, maneno ya ukoo yamepanuka zaidi. Utingo wa matatu humwita kila mwanamke mtu mzima "mama", na kila mwanamume mwenye mvi "mzee". Wanasiasa nao wameyatamani. Jomo Kenyatta alikuwa Mzee wa taifa, na Raila Odinga, aliyefariki mwaka 2025, aliitwa "Baba" na wafuasi wake. Basi kuna kioja hapa: neno "mama" linalotolewa bure kwa mgeni kituoni ndilo ambalo katika nyumba chache, mwendo mfupi kutoka hapo, halitolewi kwa mama mwenyewe.

5. Je, huu ni Uzungu?

Maelezo ya kwamba desturi hii ni Uzungu hayatoshi. Nchini Uingereza kwenyewe mtoto wa kawaida humwita mzazi kwa neno la ukoo, na anayemwita kwa jina huhesabiwa kuwa wa nyumba yenye fikra zake. Wala jina tupu halimaanishi daima dharau. Katika riwaya ya Harper Lee ya mwaka 1960, inayohusu kusini mwa Marekani, watoto wawili humwita baba yao Atticus, naye ni mtu wanayemstahi kuliko wote. Lakini msomaji makini ataona kwamba mpishi wa nyumba hiyo, mwanamke mweusi, naye anaitwa kwa jina tupu, Calpurnia, ilhali jirani yao mweupe hupewa cheo mbele ya jina. Majina mawili matupu katika nyumba moja, na uzani wake si mmoja. Baba alichagua kuitwa hivyo, mpishi hakuulizwa.

6. Jina ambalo halilalamikiwi

Hapa ndipo hoja ya makala haya ilipo. Tuseme kuna mtoto wa Kileleshwa anayemwita babaye kwa jina. Mgeni akisikia hushtuka, na habari hufika hadi kwa bibi kijijini. Mtoto huyo huyo humwita mtunza bustani, mtu wa miaka 60 anayetoka Kangemi au Kawangware kila asubuhi, kwa jina la ubatizo, bila cheo, na mara nyingi kwa sauti ya kuagiza. Mgeni hashtuki. Mtunza bustani ni Baba Fulani kwake, ana wajukuu, na hapana hata mmoja wa mtaa wake awezaye kumwita hivyo.

Ni kweli kwamba nyumba nyingi zimetafuta dawa. Yaya huitwa "anti" na watoto, na mzee wa lango huitwa "guka" au "mzee". Dawa hii si ndogo, maana inaonyesha kwamba wazazi wenyewe wameihisi kasoro. Lakini pale ambapo haikutumika, mtoto amejifunza mapema kwamba jina tupu la mtu mzima ni halali. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hatuwezi kumfundisha jambo hili jikoni kisha tukastaajabu likitokea sebuleni.

7. Hitimisho

Wanaosema kwamba "baba" na "mama" yana thamani hawakukosea. Tumeona kwamba katika Kiswahili cha Nairobi maneno hayo yanabeba mzigo ambao lugha nyingine huugawa kati ya viwakilishi na maamkizi. Kosa lao ni kudhani kwamba heshima iliyopotea ilikuwa kamili hadi jana. Katika nyumba hizi, tangu zilipojengwa, daima palikuwa na mtu mzima aliyeitwa kwa jina tupu na mtoto.

Kwa upande wa wanaisimu, kazi iliyobaki ni ya uwanjani. Istilahi za ukoo zimekusanywa kwa kabila, kana kwamba kila ukoo unakaa peke yake. Yafaa sasa zikusanywe kwa nyumba: nani anamwita nani, kwa neno gani, kwa lugha gani, na nani hawezi kumjibu mwenzake kwa neno hilo hilo. Watumishi wa siku za ukoloni wamebaki wachache mno, na wale waliowaita "boi" nao ni wazee. Wakiulizwa leo, wataweza kutuambia waliitwa nani mjini na waliitwa nani nyumbani kwao, na habari hizo hazimo katika kamusi yoyote.