Pikipiki ya Mjerumani

Kwetu Kasumulu, pale mpakani na Malawi, kitu chochote cha zamani ni cha Mjerumani. Mwembe mkubwa? Kaupanda Mjerumani. Ngazi za mawe? Mjerumani. Basi na pikipiki ya marehemu babu yangu, iliyokuwa ikiozea kwenye banda la mpunga tangu sijazaliwa, nayo tuliambiwa ni ya Mjerumani, na hakuna aliyebisha.

Hadithi yenyewe ilikuwa tamu, nakiri. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mto Songwe kwenda kuwapiga Waingereza kule Karonga, wakashindwa. Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Northey likaingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma. Hadi hapo ni historia. Baba mdogo akaongeza ya kwake: tarishi mmoja wa Kijerumani aliitelekeza pikipiki vichakani, wazee wetu wakaificha.

Ubaya ni kwamba hadithi hiyo ilisikika mbali. Wakaja wasaka mali za Mjerumani, wale wa rupia na ramani, wakalipasua tangi la petroli kwa tindo. Walikuta kutu tu. Tangi likabaki limeachama kama mbasa aliyepasuliwa kwa kuanikwa.

Nilipochukua likizo nikaamua kuifufua. Fundi wa pale sokoni aliizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa hii mbona gia iko mguu wa kulia na breki kushoto?" Swali zuri sana! Ndivyo Waingereza walivyokuwa wakitengeneza pikipiki zao. Tukazidi kuangalia. Injini na giaboksi ni kitu kimoja, na gurudumu la nyuma linavutwa kwa cheni, wakati pikipiki nyingi za miaka ya kuelekea 1914 zilivutwa kwa mkanda. Tukapiga msasa. Chini ya rangi nyeusi ikatokea nyekundu, chini ya nyekundu ikatokea kijani hafifu. Ubavuni mwa injini, baada ya kusugua kwa mafuta ya taa, zikasomeka herufi YD na tarakimu zake.

YD ni BSA Bantam D1. BSA ilikuwa kampuni ya watengeneza bunduki wa Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa 1861 na baadaye ikahamia kwenye baiskeli na pikipiki. Bantam ilitoka 1948, injini ya sentimita za ujazo 123, gia tatu, unachanganya petroli na oili. Tarishi wa 1916 angeipataje?

Ila subirini, kuna kichekesho. Injini ya Bantam haikubuniwa Birmingham. Ni ya DKW RT 125, pikipiki iliyobuniwa Zschopau, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Ujerumani iliposhindwa 1945, michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Waingereza wakaigeuza kushoto kulia wakaiita Bantam, Harley-Davidson wakatoa ya kwao Marekani, Wasovieti nao ya kwao. Hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya 1955, ilifuata mchoro huo huo. Kwa hiyo Mjerumani yumo, ila alipitia mlango wa Birmingham.

Nani basi aliileta Kasumulu? Hapa naona aibu kama mwandishi wa habari. Niliuliza baba wadogo wote, nikauliza majirani. Bibi anakaa hatua ishirini kutoka banda, sikumuuliza. Siku namwonyesha ile rangi ya kijani akasema, "Ndiyo yenyewe. Babu yako aliinunua Mufulira, akarudi nayo juu ya lori, mwaka aliozaliwa shangazi yako mkubwa." Kisha akatoa bati la chai lenye chitupa cha babu cha Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Wanyakyusa wengi wa enzi hizo walikwenda migodini: Lupa kule Chunya, Copperbelt, wengine hadi Johannesburg. Babu alikaa chini ya ardhi miaka, akanunua pikipiki kwa mshahara wake, na sisi wajukuu tukampa sifa Mjerumani aliyekimbia. Hilo liliniuma kuliko tangi.

Tangi tumeliziba kwa kuchomelea, na mshono tumeuacha uonekane; fundi alitaka kuupaka rangi, nikakataa. Vipuri vya ndani niliviagiza Uingereza, huko bado vinauzwa. Baba mdogo hajakubali kabisa, anasema huenda zilikuwa pikipiki mbili.

Juzi Jumapili ikawaka kwa kiki ya tisa. Moshi ukatanda mpaka kwenye migomba, watoto wakashangilia. Bibi akatoka jikoni, akaiangalia kidogo, akasema babu hakuwa akichanganya oili nyingi kiasi hicho.