Kiti cha Mbulu: Upendeleo wa Habari na Uchaguzi wa 1960

Mtu akaaye Daudi, katika nchi ya Wairaqw, akitaka kuandika tarikhi ya uchaguzi wa Tanganyika wa Agosti 1960, hana budi kwanza kuyapima magazeti. Habari za siasa zilizochapwa ziliwafikia wazee wake kwa Kiswahili, lugha waliyojifunza, wala si kwa Kiiraqw, lugha isiyo na udugu na zile za Kibantu. Tena kila gazeti lilikuwa na mwenyewe. Mambo Leo lilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923. Sauti ya TANU lilitokea 1957, na mwaka uliofuata Julius Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala aliyoandika humo juu ya mabwana shauri wawili. Upendeleo wa namna hii hausumbui sana, maana msomaji aujua kabla hajafungua ukurasa.

Usumbuao ni ule uliojificha ndani ya hesabu ya kweli. TANU ilipata viti 70 kati ya 71: ndivyo ilivyoenezwa habari, na ndivyo ikaririwavyo hata leo. Hakuna uongo hapo. Lakini viti 58 havikupigiwa kura kabisa, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja tu. Na kati ya watu zaidi ya 880,000 walioandikishwa, waliopiga kura hawakuzidi sana 121,000. Mbulu, wilaya iliyokuwa bado imekusanya Hanang, Babati na Karatu, ilikuwa miongoni mwa majimbo 13 tu yaliyopiga kura. Huko Herman Sarwatt alimshinda Chifu Amri Dodo, mteule wa TANU. Basi watu waliochagua kwa kweli ndio wanaohesabiwa kuwa baki!

Wala Sarwatt hakuwa adui wa TANU. Alikuwa mwanachama wake, na baada ya kushinda aliungana nayo Barazani. Anayepanga habari katika mafungu mawili, la serikali na la chama, hana mahali pa kumweka mtu huyu: akimwita mpinzani amekosea, akimnyamazia amekosea zaidi.

Hata jina tumpalo lataka kuangaliwa. Twasema “mgombea binafsi”, na neno hilo li jirani mno na “ubinafsi”, ambao katika siku za Ujamaa ulihesabiwa kuwa dhambi ya kisiasa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliamua kwamba kumkataza mgombea wa namna hiyo ni kuvunja haki. Lakini mahakama haihukumu maneno. Waliopiga kura ile sasa wamepita miaka themanini. Yafaa waulizwe upesi, huko Daudi na kwingineko, nao waulizwe kwa Kiiraqw: walimwita Sarwatt nani, kabla gazeti halijawafikia?