Divai na Vileo Vingine kwa Mgeni Myahudi: Kipi Ni Kosheri?

Neno la Kiebrania kosheri humaanisha kitu kinachofaa, yaani kilicho halali kwa mujibu wa Sheria. Waamini wengi hudhani kwamba kinywaji huwa kosheri kwa kubarikiwa na rabi. Sivyo. Rabi, au mtu aliyetumwa naye, hukagua tu: kinywaji kimetokana na nini, kimepitia vyombo gani na, kwa upande wa divai, kimeshikwa na nani. Nairobi kuna sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya. Basi kumkaribisha Myahudi mezani si jambo la kufikirika tu. Aidha, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko Nostra Aetate (1965), ulituhimiza tufahamiane na kuheshimiana nao.

Kileo chenyewe hakikatazwi. Divai hutumika kuitakatifuza Sabato jioni ya Ijumaa, na katika karamu ya Pasaka kila mshiriki hunywa vikombe vinne. Lakini ndiyo yenye masharti magumu kuliko vinywaji vyote, kwa kuwa zamani ilimiminwa mbele ya miungu ya uongo (taz. Kum 32:38), Danieli naye aliikataa divai ya mfalme (taz. Dan 1:8). Walimu wa Sheria wakaweka uzio: tangu zabibu zinapokamuliwa hadi chupa inapozibwa, kazi ifanywe na Wayahudi wanaoshika Sabato. Hata baada ya kufunguliwa, divai hiyo ikimiminwa na asiye Myahudi, mshika Sheria hatainywa.

Hapo ndipo ukarimu wetu unapoweza kumtia mgeni katika mashaka. Sisi tumezoea kumfungulia mgeni chupa na kumjazia bilauri. Naye, akiiacha bila kuigusa, huonekana ametudharau, kumbe anatii dhamiri yake. Njia ya kuepuka hayo ipo: divai iitwayo mevushali, iliyopashwa moto wakati wa kutengenezwa, ambayo yeyote aweza kuimimina. Tafuta neno hilo kwenye lebo. Lisipokuwapo, mpe mgeni chupa ikiwa imezibwa, aifungue na kujimiminia mwenyewe.

Sharti la divai huvifuata vyote vitokanavyo na zabibu, ikiwemo brandi, konyaki na divai zenye povu. Usivinunue bila alama ya ukaguzi.

Bia ya kawaida ya shayiri, hopsi, hamira na maji hukubaliwa na wengi hata bila alama. Iliyotiwa ladha ichunguzwe. Wiski nayo ni nyepesi kuamua, isipokuwa ile iliyokomazwa katika mapipa yaliyowahi kuwa na divai: hapo Wayahudi wenyewe hutofautiana, basi muulize mgeni. Pombe tamu zenye rangi zahitaji uangalifu zaidi, maana rangi nyekundu yaweza kutoka kwa wadudu. Na zenye krimu hazinyweki pamoja na nyama, kwa kuwa ni maziwa.

Wakati wa Pasaka yao mambo hugeuka. Nafaka iliyochacha, kama ngano au shayiri, haitakiwi hata kuwamo nyumbani (taz. Kut 12:19), hivyo bia na wiski huondolewa. Divai hubaki, mradi imeandikwa kuwa yafaa kwa Pasaka.

Alama iliyoenea ni herufi U ndani ya duara, ya Orthodox Union ya Marekani. Ikiongezwa D kuna maziwa, na P ni ya Pasaka. Maandishi ya Kiebrania au nyota ya Daudi pekee si uthibitisho, wala si kila divai ya Israeli ni kosheri.

Je, divai ya kosheri yafaa kwa Misa? Neno hilo peke yake halitoshi. Zipo zinazotiwa sukari, ilhali Kanuni ya 924 §3 yadai divai ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika. Parokia isome lebo kwanza.