Sikukuu Iliyotoka Jikoni: Miaka Mia Moja ya Maandalizi ya Nyumbani Ludara

Desemba ikiingia, mvua hukatika Ludara, wilayani Koboko katika Nile Magharibi ya Uganda. Nyasi hukauka, upepo wa kaskazini huleta vumbi kutoka upande wa Sudan Kusini, na asubuhi huwa na baridi ya kumfanya mtu asogelee mafiga hadi jua lipande. Mchana joto hurudi kwa nguvu. Kote Koboko na Arua huu ndio wakati jembe linapumzika. Ufuta umekatwa na matita yake yameegemezwa yakauke, ulezi uko ghalani, na muhogo uliomenywa umeanikwa juu ya miamba. Ndio wakati pia wa kuezeka upya na kukandika kuta, maana udongo uliopakwa leo utakauka kesho bila hofu ya mvua.

Mgeni anayepita barabara ya Koboko siku hizo huwaona kina mama wakisiliba kuta kwa mchanganyiko wa udongo na samadi, wakichora mistari kwa vidole kwa udongo mweusi, mwekundu na majivu meupe, akadhani anatazama mila ya kale isiyobadilika. Hapo hukosea. Karibu kila kitu kinachowekwa mbele ya wageni siku ya sikukuu huku kina tarehe yake. Kimoja kiliingia na wamisionari, kingine na vijana waliorudi kutoka mashamba ya miwa, kingine kilifufuliwa na miaka ya uhaba, na kingine kimevuka mpaka juzi tu na wakimbizi. Historia ya Nile Magharibi huandikwa sana kwa majina ya maafisa na wanajeshi. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi jikoni.

Eneo hili liliingia Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika sehemu iliyoitwa Lado, na alipofariki mwishoni mwa 1909 likapewa Sudan. Tawala tatu katika miaka isiyofika mitano, na zote zilikuta hapa watu wenye sherehe zao za mavuno. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara jirani zetu kati ya 1949 na 1952, aliandika kuhusu maisha ya ukoo ambamo kila mke alikuwa na nyumba yake na maghala yake. Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mwenye ghala ndiye aliyejua ulezi kiasi gani utaliwa, kiasi gani utapandwa, na kiasi gani utageuzwa kimea cha pombe wageni wakija. Hesabu ya sikukuu ilikuwa mikononi mwa mama, nayo ilianza miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Mvara, Arua, mwaka 1918, na Wakatoliki wa shirika la Comboni wakajenga kwao Ediofe. Walileta sikukuu waliyoizoea katika nchi za theluji, ambako katikati ya majira ya baridi watu hukaa ndani na kula vilivyohifadhiwa tangu vuli. Huku Krismasi ilikuta ghala limejaa na njia ni kavu, ikaota mizizi haraka. Kazi za kiangazi ambazo zingefanywa hata hivyo, za kuezeka, kukandika, kusuka mikeka na kuchoma vyungu, zikapata siku ya mwisho ya kukamilika: tarehe 24.

Duka liliingia kwa mlango wa kazi za mbali. Kiwanda cha sukari cha Nanji Kalidas Mehta kilianza Lugazi, kusini mwa nchi, mwaka 1924, na cha Muljibhai Madhvani kikaanza Kakira mwaka 1930. Vijana wa Nile Magharibi, waliotakiwa kulipa kodi katika wilaya isiyo na kazi za mshahara, walikwenda huko kukata miwa. Waliporudi walileta mablanketi, mashati, majani ya chai na sukari. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi ikawa alama ya nyumba iliyo na kijana kusini. Katika maduka ya Wahindi mjini Arua mama angeweza kununua chumvi nyeupe, sabuni ya mche na mafuta ya taa. Kwa miaka 40 hivi sikukuu ilianza kuegemea rafu za duka, na maarifa mengine ya nyumbani yakasukumwa pembeni na kuitwa ya kishamba.

Agosti 1972 Rais Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko hii hii, aliwapa Waasia, wakiwemo wenye maduka hayo, siku 90 waondoke nchini. Hazikupita Krismasi nyingi kabla sukari, chumvi na sabuni hazijawa bidhaa za magendo. Koboko, iliyokaa kwenye pembe ya Uganda, Kongo na Sudan, ilikuwa na wachuuzi wa kuvuka mpaka, lakini bei haikuwa ya mkulima. Hapo ndipo yaliyosukumwa pembeni yakarudi mezani.

Chumvi ya majivu ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Vijiti vya ufuta au maganda ya kunde huchomwa mpaka yawe majivu meupe. Chungu kikuukuu kilichotobolewa chini hutandikwa nyasi ndani, majivu hushindiliwa juu yake, kisha maji humwagwa kidogo kidogo kwa kibuyu. Chini huwekwa chungu kingine. Matone huanza kudondoka taratibu, ya rangi ya chai nyepesi, na ukiyaonja ni makali kwenye ncha ya ulimi. Mwenye haraka hufikiri kazi imeharibika, kwa sababu chungu kimoja huchukua nusu siku. Maji hayo yakitiwa kwenye majani ya kunde au bamia, mboga hulainika upesi na hubaki ya kijani, kwa kuwa chumvi za majivu zina tabia ya magadi. Yakichemshwa hadi yakauke hubaki unga wa kijivu wa kuhifadhiwa. Mboga iliyopikwa hivyo, ikaungwa kwa karanga au ufuta uliosagwa juu ya jiwe, haina cha kuionea haya nyama. Wapo mpaka leo wanaoikataa mboga ya kunde isiyo na majivu, ingawa chumvi ya dukani iko hapo hapo kwenye kopo.

Sukari nayo ilipata mbadala wake. Asali ilitiwa kwenye uji, na kimea cha ulezi, ambacho kina utamu wake wenyewe, kikafanya kazi ambayo chai ilikuwa imekiibia. Mafuta yalitoka kwenye ufuta na kwenye kokwa za shea, zilizookotwa wakati wa mvua na kukamuliwa mapema. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai.

Aprili 1979 Kampala ilianguka na utawala wa Amin ukaisha, na Oktoba 1980 vita vikafika Koboko na Arua. Watu wa Ludara, kama karibu wote wa wilaya, walikimbilia Zaire na Sudan, ambako Wakakwa, wenyeji wa Koboko, wana ndugu upande wa pili wa mpaka. Wengi walikaa huko hadi vita vya Sudan vyenyewe vilipowarudisha kuanzia 1986. Maghala yalikuwa yameungua na nyumba zimeota vichaka. Anayetaka kujua kwa nini bibi wa huku hatupi hata ganda la kunde, aanzie hapo. Krismasi za marejeo zilijengwa kwa muhogo, majani ya kunde na, kwa waliobahatika, kipande cha angara, samaki mkavu wa Mto Nile na Ziwa Albert, aliyechemshwa kidogo na kugawanywa kwa wengi.

Hadi hapa nimesema Krismasi, na nisipoisema Idi nitakuwa nimeandika nusu. Koboko ni mahali ambapo nyumba moja inaweza kuwa na Hassan na Yosefu wa baba mmoja. Kwa Wanubi, jamii ya Waislamu wa mjini, Idi haikamiliki bila kisra, mkate mwembamba wa unga uliochachushwa unaopakazwa juu ya bamba la moto, na chakula hufunikwa kwa tabaga, kawa ya ukindu wa rangi iliyozungushwa pete juu ya pete. Kuisuka ni kazi ya jioni nyingi. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, Idi huzunguka majira yote, na mara nyingine huangukia Mei au Juni, ghala likiwa limebaki vumbi. Ninaamini hili limewafundisha akina mama wa Kiislamu uhodari wa kuweka akiba uliozidi wa jirani zao Wakristo, ambao sikukuu yao huja na mavuno kila mwaka. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi mbili za kufungua, ya kwanza mapema Januari na ya pili siku mbili tatu baada ya Krismasi. Kila mara, nyumba ikikandikwa mara moja ilitosha kwa Krismasi na Idi.

Kitu kipya kuliko vyote ukutani na kitandani ni milaya, shuka zilizodariziwa na wanawake wa Sudan Kusini. Zilijulikana hapa zamani kwa sababu ya udugu wa kuvuka mpaka, lakini baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016 na kufunguliwa kwa kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe mwezi uliofuata, mikono inayozitengeneza imekuwa mingi. Kitambaa cheupe huchorwa kwa kalamu tausi au maua, hubanwa kwenye duara la mbao, kisha hujazwa uzi rangi baada ya rangi, na pindo humaliziwa kwa kufuma kwa kulabu. Wapo waliovuka mpaka wakiwa wamefungia vitu vyao vyote ndani ya milaya. Sasa hutandikwa siku ya harusi na siku ya sikukuu, na huuzwa sokoni kwa bei ambayo kwa kazi iliyofanyika hainiridhishi hata kidogo.

Yapo yanayopotea. Beseni la plastiki limeufukuza ungo, bati limeifukuza nyasi, na rangi ya dukani inaanza kufunika michoro ya udongo. Silaumu anayepaka rangi. Anapumzisha mgongo wake. Ninachotaka ni wasichana na wavulana wa shule za Ludara watumwe kwa bibi zao na daftari, waandike hatua za chungu cha majivu na majina ya mistari ya ukutani wakati wenye kujua bado wapo.

Wanao muda, ingawa si mwingi. Mwaka 2033 Idi ya kufungua itakuja tena mara mbili, mwanzoni mwa Januari na kisha karibu na tarehe 23 Desemba, siku mbili tu kabla ya Krismasi. Ufuta utakuwa umeshakatwa wakati huo, na wanaosoma darasa la kwanza leo watakuwa na umri wa kusaidia kukandika nyumba.